Filimbi ya Mwanholo

Mume wangu Eustace aliuawa mchana, mbele ya macho yangu, katika mji tuliokuwa tumeufikia asubuhi ile ile kwa matembezi tu. Hakuwa na kazi wala mtu wa kumwona pale. Alikwenda kutazama mawe.

Alikuwa mchimbaji wa dhahabu Mwakitolyo. Miaka yote niliyoishi naye alihama kutoka duara moja, yaani shimo la dhahabu, kwenda jingine, Geita, Bugarama, kisha Mwakitolyo, na kila tulipofika yeye alishuka ardhini na mimi nikatafuta kuni. Maji yalipoingia kwenye duara lao, mwenye duara akawaambia wasubiri pampu. Eustace akawa anazunguka nyumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia, hadi asubuhi moja akasema, "Mama Loveness, vaa viatu. Mimi popote nilipokwenda nimefuata kazi. Leo nataka kwenda mahali kutazama tu, kama Mzungu."

"Mzungu ana gari," nikamwambia.

"Mimi nina miguu. Na nina mke wa Kikurya, hakuna simba atakayenigusa."

Mtoto tulimwacha kwa jirani yetu Generosa, tukapanda basi.

Mwanholo ni mji mdogo, mkavu, wenye vumbi jeupe linaloingia hata kwenye meno. Kwingine mvua ikikosa miaka miwili, huko hukosa mitatu. Zamani watu walileta pamba. Sasa ghala la pamba limebaki mabati yanayogonga kwa upepo, na kinacholeta watu ni mawe makubwa yaliyopandana nje kidogo ya mji, kana kwamba kuna mtu aliyeanza kuyapanga akachoka, akaondoka. Magari ya watalii wanaokwenda mbugani husimama hapo. Wanapiga picha, wanakula, wanaondoka.

Tuliuzunguka mji wote kwa miguu, maana hauchukui muda. Tulipita nyumba za wageni zilizochorwa wanyama ukutani. Kwenye moja kulikuwa na simba mwenye mashavu na kidevu, na Eustace akasimama kumtazama.

"Huyu namjua," akasema. "Ni mwenye duara letu. Angalia hayo macho, anauliza pampu bei gani."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Tulikula kwa mama mmoja anaitwa Sesilia, kwenye kibanda chenye uzio wa minyaa. Alitusalimia Kisukuma, na Eustace, Mhaya asiyekubali kushindwa, akamjibu neno ambalo mpaka leo sijui ni la lugha gani. Mama Sesilia akapiga makofi.

"Mwanangu, umenisalimia au umeninunua?"

"Shikamoo tu, mama," nikasema.

"Marahaba. Kaeni mle."

Akatupatia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga. Baadaye tukaenda kwa wauza mawe, waliopanga biashara yao juu ya maturubai kando ya uwanja wa magari. Eustace akaokota jiwe moja, akaliinua juani.

"Kaka, hii si almasi."

"Nani kasema almasi?" muuzaji akajibu. "Mimi nasema jiwe la kung'aa. Almasi Mzungu anajiambia mwenyewe." Kisha akaitazama mikono ya mume wangu. "Wewe ni wa duarani. Mikono hiyo haijashika kalamu."

"Mwakitolyo."

"Acha! Nimekaa Mwakitolyo mpaka kifua kikakataa. Naitwa Nasibu. Bado mnalipua bila kuambiana?"

"Siku hizi filimbi inapulizwa, ndugu yangu. Hata mbuzi wanalala chini."

Wakacheka wote wawili, wakakumbushana majina ya watu, wengine wakiwa hai, wengine wakiwa wameshafunikwa na kifusi. Nasibu alimpiga begani kirafiki tulipoondoka.

Tulikuwa katikati ya uwanja, tunaelekea kwenye mawe, filimbi ilipolia nyuma yetu. Ilikuwa ndefu, haikukatika.

Kwetu machimboni filimbi ina maana moja tu. Baruti imewashwa. Kila aliye juu anatupa alichoshika, anakimbia kuipa mgongo sauti ile, analala nyuma ya kitu kigumu na kufunika kichwa. Huulizi. Abel, rafiki yake Eustace, alisimama kuuliza, na jiwe likamwondoa taya.

Mwanholo inalindwa na sungusungu, na huko filimbi ina maana nyingine. Mtu ameibiwa. Kila mwanamume anachukua fimbo anakimbilia inakolia, na asiyekwenda anatozwa faini. Mji mzima unakimbia kwenda upande mmoja. Anayekimbia kwenda upande mwingine anajulikana ni nani.

Sungusungu tulikuwa tukiwasikia, lakini kambini kwetu kuna walinzi wa kulipwa, na filimbi yao hatukuwahi kuisikia. Hata tungeisikia, sijui. Mwili wa Eustace ulikuwa umeshaondoka kabla hajafikiri. Alinishika mkono, tukakimbia, watu wakitupita wakija mbio na fimbo, na mimi nikawaona wajinga, nikawapigia kelele, "Laleni! Laleni!" Tukajitupa nyuma ya jiwe kubwa. Alinifunika kwa kifua chake. Nilisikia moyo wake mgongoni kwangu, nikangoja ardhi itikisike.

Nikasikia miguu.

"Hawa hapa! Wamejificha!"

Fimbo ya kwanza ilimpata kisogoni. Nilisikia mlio wake kupitia mwili wake. Wakamvuta kwa miguu, shati likampanda mpaka shingoni, tumbo likaburuzwa kwenye changarawe. Mimi nilipigwa teke la mdomo, meno mawili ya mbele yakavunjika. Wakatuburuta hadi uwanjani. Mtu mmoja alimpiga Eustace kwa mnyororo wa baiskeli, na kila ulipotua nyama ilifunguka. Eustace alikuwa anaendelea kufunika kichwa kwa mikono, kama tulivyofundishwa, mpaka mkono mmoja ukavunjika, ukaning'inia.

"Subirini!" akasema kiongozi wao, mtemi wa sungusungu. Aliitwa Maduhu, mzee mwembamba mwenye koti la kijani, na filimbi ilikuwa inaning'inia shingoni kwake. "Aseme kwanza. Wewe, begi la mgeni liko wapi?"

"Begi gani, mzee?"

"Mtalii amenyang'anywa begi pale kwenye gari. Liko wapi?"

"Sijui begi. Tumekuja kutembea."

"Mbona ulikimbia?"

Eustace akatema damu ili aweze kusema. "Filimbi, mzee. Nilidhani baruti."

Watu waliangua kicheko. Kijana mwenye mnyororo akasema, "Baruti! Hapa tunalipua nini, matako ya watalii?"

"Nimeipuliza filimbi hii tangu sijaota ndevu," Maduhu akasema, bila kucheka. "Sijaona mtu mwema akiikimbia."

Nikapiga magoti mbele yake. Nikamweleza, mdomo umejaa damu, kwamba machimboni ndivyo ilivyo. Akaniuliza mimi ni nani. Nikasema ni mke wake. Akageuza uso.

Mama Sesilia alikuwa amefika anahema. "Maduhu, hawa ni wageni, wamekula kwangu sasa hivi!"

"Hata mwizi anakula, mama."

Ndipo nikamwona Nasibu. Alikuwa mstari wa mbele, ameshika fimbo. Moyo wangu ulifunguka. Katika mji ule wote ni yeye peke yake aliyeijua filimbi ya duarani, na neno lake lilitosha.

"Kaka Nasibu! Wewe umekaa Mwakitolyo! Waambie, kaka, waambie filimbi ikilia kule tunafanyaje!"

Umati wote ukamgeukia. Maduhu akamuuliza, "Unamjua mtu huyu?"

Nasibu aliitazama fimbo yake. Nami nikaitazama. Ncha yake ilikuwa imelowa damu.

"Mimi nauza mawe, mtemi," akasema. "Wanaopita ni wengi. Simjui."

Eustace aliinua uso kumtazama. Sijui alitaka kumwambia nini, maana fimbo zilirudi kabla hajafungua mdomo. Mama Sesilia alinilalia kwa uzito wake wote, na fimbo zilizokuwa zinanitafuta mimi zilimpata yeye kwenye makalio na miguu, akipiga kelele za matusi kwa Kisukuma. Chini ya kwapa lake niliona viatu tu, na katikati ya viatu mkono wa Eustace ukifungua na kufunga vidole. Magari ya watalii yaliwashwa yakaondoka. Jiwe lililommaliza lilibebwa na watu wawili. Walilihesabia moja, mbili, tatu, kama watu wanaopakia gunia.

Polisi walipofika uwanja ulikuwa mtupu. Begi halikupatikana kwetu wala popote.

Lakini picha zilikuwa zimeshasambaa kwenye simu. Eustace amelala kifudifudi, na maandishi: mwizi wa watalii auawa Mwanholo. Zilifika Muleba kabla sijampigia baba yake, Mzee Bartholomeo. Wahaya huzikana kwenye migomba ya nyumbani, kwenye kibanja cha ukoo, na mume wangu alikuwa akiniambia, hata tukiwa tunalala kwenye hema la maturubai, kwamba mahali pake pa kulala anapajua.

"Nimeiona picha, Ghati," mzee akaniambia. "Mzikeni huko huko. Kwenye kibanja alimolala baba yangu mwizi haingii."

"Baba, hakuiba."

"Nani anasema hivyo?"

"Mimi."

"Wewe ni mke wake," akasema, akakata simu.

Nilimpigia tena na tena. Nilimtuma katekista ampigie. Alijibu lile lile, kwamba aletewe mtu aliyekuwepo asiye wa nyumba ya marehemu. Mama Sesilia akampigia kutoka kitandani alikolala na miguu iliyovimba. Mzee akamuuliza, "Mama, uliona wakati begi linachukuliwa? Unajua kwa nini alikimbia?" Mama Sesilia alikuwa mtu wa kweli, akasema hajui.

Basi wachimbaji wakachimba kaburi Mwakitolyo. Walilichimba kama wanavyojua kuchimba, kuta zimenyooka. Fredy, aliyekuwa akishuka kamba moja na Eustace, hakukubali kupokewa sururu mpaka mwisho. Jeneza likawekwa ukingoni. Katekista akasali, kisha akauliza kama kuna mwenye neno kabla marehemu hajashushwa.

Mwanamume mmoja akasogea kutoka nyuma. Alikuwa amevaa kanzu safi. Nilimtambua kwa mikono kwanza.

"Naitwa Nasibu," akasema. "Natoka Mwanholo. Marehemu hakuwa mwizi. Alikimbia kwa sababu ya filimbi, kama nyie wote mngekimbia. Mimi nilijua. Niliulizwa, nikasema simjui."

Fredy akaokota koleo.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nimeshampiga, shemeji. Nilifika na wenzangu, nikapiga kabla sijamwona uso. Nikawaza, nikisema namjua, na mimi nitalala pale."

Fredy alimpiga kwa bapa la koleo. Kanzu ikawa nyekundu mpaka kiunoni. Wakamrukia wote, watu niliowapikia chai, na sauti zilikuwa zile zile za Mwanholo, hata vicheko. Mmoja alikimbia kuleta petroli ya pampu. Wakamlaza kwenye kifusi cha kaburi, Fredy akamkanyaga shingo, akanigeukia.

"Mama Loveness, sema wewe. Tunamwingiza yeye kwanza?"

Nilitaka afe. Nilitaka niisikie mifupa yake kama nilivyoisikia ya mume wangu. Nilikwenda nikainama juu yake, nikauona mdomo wake unafunguka unatafuta hewa, damu imejaa kwenye meno. Mdomo ule ndio ulikuwa umebaki wa kumsemea Eustace. Dunia nzima haikuwa na mwingine.

"Mtu asimguse," nikasema. "Fredy, legeza mguu kidogo apumue."

Nikatoa simu nikampigia mzee. Nilidhani hatapokea.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Ghati, tulishamaliza maneno."

"Kuna mtu hapa, Baba. Alikuwepo. Si wa nyumba yetu. Alimpiga mwanao."

Nikaiweka simu kwenye sikio la Nasibu. Kijana wa petroli alikuwa amesimama na dumu, harufu yake ikitukaba wote. "Sema," nikamwambia.

Alisema yote. Alieleza filimbi ya duarani na ya sungusungu, fimbo yake, swali la Maduhu, na jibu alilolitoa. Mara mbili alikohoa damu kwenye simu yangu, na mara zote mbili alirudi akaendelea. Hakujiombea. Alipomaliza nikaichukua simu, nikaipangusa kwa khanga.

Kwa mbali nilisikia jogoo wa Muleba.

"Mmeshamshusha?" mzee akauliza.

"Bado, Baba. Yuko ukingoni."

"Msimshushe. Nakuja kumchukua mwanangu." Kisha akasema, "Na huyo mtu msimuue. Nataka nimkute anaongea. Atayasema hayo tena mbele ya ukoo."

Niliwaambia. Fredy aliutazama mguu wake kama si wake, kisha akauondoa. Kijana akalifunga dumu. Wanawake wakalivuta jeneza kivulini na kulifunika kwa khanga zao. Wachimbaji wakakaa chini kulizunguka shimo tupu, sururu zao mapajani, na Nasibu katikati yao akitema damu kwenye udongo, tukaanza kumsubiri mzee.