Mkunjo wa Mkeka

Asubuhi ya Idd Rukaya alikuwa uani kwa wakwe zake, Makole, akichambua mchele wa pilau, vidole kwenye ungo na macho sebuleni. Juzi yake treni ilikuwa imewashusha Dodoma, yeye na mumewe Imrani, baada ya meli na safari yote ile kutoka Bujumbura. Uchovu hakuusikia hata kidogo. Imrani alikuwa dereva wa malori, haya ya watu binafsi yaliyoanza kuvuka mipaka biashara ilipofunguliwa. Ndoa yao ilifungwa kwao Rukaya, na upande wa mume hakufika mtu. Leo ndiyo ukoo mzima ulikuwa unamwona. Leo ndiyo na mkeka ungemwona.

Habari za mkeka Imrani alimweleza tangu uchumba, kama mtu anavyoeleza nyumba yao ina vyumba vingapi. Ulikuwa wa ukindu, ulisukwa zamani za misafara, na ulitandikwa siku ya Idd tu. Kila ndugu alipoketi ulirefuka kiasi cha kumtosha. Kwa mgeni haukusogea. Mke wa binamu yao Munir, mtu wa Nairobi, alikula Idd mbili kwenye kiti, akapewa na kijiko, na Idd ya tatu hakuonekana tena. Walimtendea kwa adabu sana.

"Wifi, mchele huo utaota," alisema Jaha, dada yake Imrani. "Tulia basi!"

"Natulia vipi na moyo unanienda mbio? Ukinikataa je?"

"Kuna kiti," Jaha alijibu, akaenda kutafuta udi.

Jikoni Bi Kuluthumu alikuwa akigeuza nyama. Siku ile ya kwanza Rukaya alipomwamkia shikamoo, yule mzee alimshika mashavu kwa viganja vinavyonukia bizari, akacheka mpaka pengo likaonekana, akamwambia, "Marahaba. Karibu nyumbani, mwanangu." Wengine wote walikuwa wamesema karibu tu. Rukaya alikuwa amelishika lile neno la nyumbani na kulala nalo.

Wanaume waliporudi kutoka kuswali, redio kaseti mpya ya Imrani ilifunguliwa taarabu mpaka majirani wakajua. Mkeka ukatandikwa. Wazee wakaketi, watoto wakaketi, na ukindu ukawa unalia krr, krr, kila mtu na nafasi yake. Mwisho Bi Mwanahawa, mama mkwe, akaita, "Rukaya! Njoo mwanangu, tukuone."

Rukaya alivua viatu. Hata aibu alisahau jamani. Akasema bismillahi, akaketi kwenye saruji tupu, pale mkeka ulipoishia.

Ukindu ulimpitia chini taratibu, ukamnyanyua kidogo, ukamkalisha.

Weee! Vigelegele vilivyopigwa hapo! Jaha alimmwagia marashi hadi kwenye masikio, Imrani alikuwa akipiga makofi peke yake kama mtoto. "Umenitaka!" Rukaya alisema, analia na anacheka. "Jamani, umenitaka!"

Mkeka haukukoma kwake. Ulivuka kizingiti, ukashika ukumbi, ukakata ua na kuingia jikoni, ukatulia miguuni pa Bi Kuluthumu. Yeye alikuwa anapakua. Aliinua mguu mmoja, akautazama mkeka, akasogea pembeni, akaendelea kupakua.

"Unafanyaga hivyo kila Idd," alisema Jaha.

"Kwani yeye ni nani yenu?"

"Kulu? Baba yake ndiye babu yetu sisi. Ila mama yake alinunuliwa, enzi zile, kwa doti za kaniki."

"Basi ni shangazi yenu."

"Eti shangazi! Wifi, na wewe!" Jaha alicheka, akamsogezea bakuli la kunawia.

Bi Mwanahawa alitoka hadi jikoni, akaurudisha mkeka akiukunja mkono kwa mkono, akauleta mpaka sebuleni. Mkunjo ulikuwa mnene kama godoro la mtoto. Akaupigapiga.

"Sogea hapa, mwanangu. Hapa ndipo pako. Mke mpya ndiye anayekalia mkunjo. Mimi nilipokuja kutoka Tabora niliukalia mpaka akaja mke mpya mwingine, akanipokea. Usipokaliwa hautulii."

Rukaya alitazama mlangoni. Bi Kuluthumu alikuwa amesimama na sinia mikononi, anasubiri apishwe. Kisha alitazama kona ya sebule, kwenye kiti cha mke wa Munir. Kilikuwa kimefutwa vumbi asubuhi hiyo.

Akasogea, akakaa juu ya mkunjo.

Sinia likawekwa, Bi Kuluthumu akashukuriwa, akarudi jikoni. Pilau ilikuwa tamu ajabu. Imrani alimchagulia mkewe minofu mbele ya watu wote, watoto walimgombania nani akae karibu naye, na Rukaya alijua furaha kama hiyo hajawahi kuipata. Chini yake ukindu ulikuwa unasukuma kuelekea mlangoni. Uliposukuma, alijikaza.

"Unakusumbua?" aliuliza Bi Mwanahawa.

"Nauweza, mama."

Kutoka jikoni Bi Kuluthumu alipaza sauti kuuliza kama chumvi imetosha.

"Imetosha, Kulu!" walijibu wote kwa pamoja, na Rukaya akiwemo.