Nyoka wa Sanduku la Tenda

Mzee Kipngeno aliapa kwa Biblia ya mkewe kwamba ni kweli tupu: nyoka mweusi, mnene kama mkono wake, alikuwa amejipenyeza ndani ya sanduku la tenda pale ofisi ya kanso, baraza la madiwani. Alimwona kwa macho yake mawili, mkia ukimalizikia ndani.

Siku hiyo ndiyo tenda ya daraja la kwenda kituo cha majani chai ilikuwa ifunguliwe, tena kwenye chumba cha nyuma, mlango umefungwa na pazia limeshushwa. Fundi Orina alishawahi kutia bahasha yake mara mbili, na mara zote akaambiwa haikuonekana. Kazi ilimwendea shemeji ya Diwani Joab, yule ambaye daraja lake liliondoka na mvua ya kwanza. Orina alisema safari hii bahasha ikipotea tena, anafunga vyombo vyake arudi kwao Nyamira.

Kipngeno naye hakumwamini diwani hata kwa salamu. Akiulizwa habari za nyumbani, hujiuliza huyu anazitakia nini.

Basi karani Gibson alipotumwa alete sanduku, alikataa kuligusa. Joab akacheka, akasema huyo mzee tunamjua, juzi alidai aliwahi kuendesha lori la chai kutoka Londiani bila usukani. Lakini diwani alipoombwa alifungue yeye mwenyewe, akakumbuka ana presha. Mwishowe sanduku likasukumwa kwa mti mrefu hadi uwanjani, mbele ya wakulima waliofurika kutazama nyoka. Gibson akafungua kufuli huku amegeuza uso, akalipindua kwa jembe, akaruka nyuma.

Zikamwagika bahasha tatu. Ya Orina ilikuwamo.

Joab aliinama upesi kuziokota, akisema kamati itakwenda kuzisomea ndani. Rebeccah, mkewe Kipngeno, akamzibia njia na kikapu chake cha majani.

"Mheshimiwa, zisomwe hapa hapa. Tusije tukaambiwa nyoka alikula moja."

Watu walicheka, ila hakuna aliyempisha. Gibson akasoma kwa sauti. Bei ya Orina ilikuwa ya chini kuliko zote, na mawe na saruji yake vimeelezwa kimoja kimoja. Joab akatia sahihi kama mtu anayemeza kwinini.

Kisha akageuka. "Sasa mzee wangu, nyoka wako yuko wapi?"

Kipngeno akajibu kwamba ametoka kwa tundu aliloingilia. Joab akamshika mkono kwa heshima zote, akaupeleka kwenye tundu la bahasha. Hata kidole gumba kilikwama.

Wazee hawakukawia: aliyewatoa watu mashambani siku ya kuchuma, kwa uongo, atoe kondoo. Kipngeno akaahidi kuku. Akakataliwa. Akaapa kwamba kondoo wake ni mgonjwa mahututi, hafai kuliwa, lakini Rebeccah alikuwa ameshamleta, amemfunga kwenye mlingoti wa bendera, na mgonjwa alikuwa akifyeka nyasi za kanso kwa bidii.