Mzee Bati Aezeka Gari

Wapo wanaogombana na wake zao kwa wivu, wapo kwa ulevi. Mzee Bati, fundi wa kuezeka nyumba, alinyimwa mke na dirisha la paa la gari.

Si kwamba mama huyo alihama. Nyumbani mambo shwari, ila garini hapandi. Alikuwa mwalimu wa kwaya, sikio lake husikia sisimizi akikohoa, na lile dirisha la kioo juu ya vichwa vyao liligonga kra-kra-gongo kila penye shimo. Na mashimo yalikuwa mengi kuliko barabara. Miezi mitatu sasa alikwenda mazoezini na gari la kaka yake, mumewe akifuata nyuma peke yake kama mlinzi wa msafara.

"Shemeji," kaka mtu alimtania, "ukimkosa mkeo, mtafute kwenye kiti changu cha mbele."

Neno hilo lilimchoma kuliko bati la saa nane mchana. Jumamosi asubuhi akavua shati, akashusha kitambaa cha dari, akaanza kufungua. Kioo kikatoka. Mota ikatoka. Zikafuata reli mbili na nyaya zake, fremu ya chuma, hata ile mipira minne ya kupitishia maji ya mvua. Akavipeleka vyote kwenye mizani ya jirani muuza vyuma chakavu: kilo ishirini na tatu!

"Kumbe gari lilibeba mtoto wa darasa la tatu kichwani," akasema. "Tena mtukutu."

Likabaki tundu. Sasa tundu la paa, kwa mtu aliyeezeka nusu ya mji, ni kitu gani? Akakata bati tambarare, ukingo wa nyuma akauingiza chini ya paa, wa mbele akaulaza juu, maana huko ndiko paa la gari linakoteremkia. Akapiga ribiti, akapaka silikoni pande tatu. Upande wa mbele akauacha wazi kidogo, kama alivyofundishwa ujanani: ukingo wa chini hauzibwi, maji yapate pa kutokea.

"Mwalimu!" akaita mlangoni, ameshaoga. "Njoo usikie kimya."

Mkewe akalizunguka gari mara mbili. "Umepunguza kilo ishirini na tatu? Mimi nikiingia zinarudi na wenzao."

"Wewe si mzigo, mke wangu. Wewe abiria."

"Haya. Nipeleke mazoezini. Likinipigia kelele nashuka, na humu nitarudi nikiwa maiti."

Wakatoka. Mashimo ya mtaani yakapita, si kra wala gongo. Mwalimu akafumba macho, akatabasamu. Mzee Bati akaanza kushika usukani kwa kidole kimoja, kama kijana aliyepata mchumba.

Wakaingia lami, akaongeza mwendo. Upepo ukaukuta ule ukingo wazi, na paa likaanza: uuuuuu.

Akakanyaga mafuta, akidhani atalikimbia. Likapanda: iiiiii! Alilijua kosa lake papo hapo: maji ya nyumba hushuka, lakini upepo wa gari huja kwa mbele, naye ameuachia mlango.

"Simamisha," mkewe akasema.

Akasimamisha, roho juu. Mwalimu hakushuka. Alikuwa ameinua kidole, kama yuko mbele ya kwaya.

"Lilipoanza ulikuwa mwendo gani?"

"Hamsini."

"Ukafika?"

"Sabini. Mke wangu, Jumatatu naligeuza lile bati, haki ya..."

"Nyamaza. Hamsini ni do. Sabini ilikuwa so, ila imelegea kidogo, kama wale wavivu wangu wa sauti ya tatu. Twende. Nipe sabini na mbili."

Akampa. Paa likaishika so, safi, na Mwalimu akafungua kinywa akaimba juu yake. Kila alipotaka kupanda au kushuka alimgonga mumewe gotini, naye akatii kwa mguu. Walipofika njia panda ya ukumbini, Mzee Bati akapunguza mwendo ili akunje kona.

"Nani kakwambia ukunje?"

"Si tunachelewa mazoezi?"

"Wataanza wenyewe. Nyoosha, bwana. Nipe hamsini."