Daftari la Sauda na Timu ya Nuu

Siku timu ya Nuu ilipofungwa mabao sita kwa bila na Kathonzweni, tena uwanjani kwao wenyewe, mbele ya wake zao na mbuzi wao, Sauda hakuutazama mpira. Alitazama mikono ya kipa.

"Baba Amin," alimwambia mumewe wakila chakula cha jioni, "yule Mwau wako ana mkono wa inchi ishirini na mbili. Nilimshonea shati la harusi, nakumbuka vizuri. Mtu wa inchi ishirini na mbili umemweka golini afanye nini?"

Mikail, mumewe, ndiye aliyekuwa kocha. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amechagua wachezaji kwa jicho, na jicho lenyewe lilipenda watu wanaosalimia vizuri na kufika mazoezini mapema. Alisukuma sahani.

"Kwani mpira ni shati?"

"Mpira si shati. Lakini mwili ni ule ule."

Sauda alikuwa fundi wa nguo hapo Nuu kwa miaka ishirini, na hakukuwa na mwanamume wa maana pande zile ambaye hajasimama mbele yake ameinua mikono kama anayekamatwa na polisi. Wote alikuwa nao daftarini: jina, tarehe, bega, kifua, mkono, paja, mguu. Madaftari kumi na manne, yamepangwa chini ya meza ya kukatia vitambaa. Kesho yake alifunga duka mapema akakaa nayo. Kipa anataka mkono mrefu, aliwaza. Straika anataka paja. Wa katikati anataka kifua, kwa sababu ya pumzi. Kufikia alasiri alikuwa na majina matatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuvaa jezi.

Mikail alikataa katakata. Lakini mwenyekiti wa timu alikuwa Kasyoka, mama mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo, ambaye ndiye aliyenunua jezi na mpira, na yeye hakuwa na subira.

"Tumefungwa mara saba, kocha, moja baada ya nyingine. Hata tukichagua wachezaji tukiwa tumefunga macho hatuwezi kuharibu zaidi. Ulaya wanachagua na kompyuta. Sisi tuko na Sauda."

Basi wakaitwa. Wa kwanza Nyamai, aliyefanya kazi kwenye mashine ya kusaga unga na kuimba besi katika kwaya ya kanisa. Mkono inchi ishirini na tisa, mrefu kuliko wote daftarini. Wa pili Mulinge, mpakizi wa magunia, paja lake kama kiuno cha mtu mwingine. Wa tatu Kilonzo, karani, kifua inchi arobaini na sita. Mwau, yule kipa mfupi, aliambiwa apumzike. Alirudisha glovu, akaenda zake.

Mechi iliyofuata ilikuwa dhidi ya Matiliku, na Sauda alienda kuona matunda ya kazi yake.

Nyamai alisimama golini kama mlingoti. Mpira wa kwanza ulipokuja aliinua ile mikono yake mizuri, akafumba macho. Ulipita katikati. Wa pili akafumba tena. Mulinge alipopewa pasi alitoka mbio hata mabeki wakampisha kwa heshima. Tatizo ni kwamba hakujua kukata kona. Alipita goli, akapita mstari, akapita watazamaji, akaingia na mpira katika shamba la ndengu la watu, na mwenye shamba akatoka na jembe. Kilonzo naye aliishiwa na pumzi dakika ya tisa, akakaa chini.

"Kifua inchi arobaini na sita!" Sauda alimfokea pale pembeni. "Kimeenda wapi?"

"Mama Amin," Kilonzo alisema akihema, "siku ile ulinipima ilikuwa Julai. Kulikuwa na baridi. Nilikuwa nimevaa sweta mbili."

Walifungwa matano. Kasyoka akasema ni afadhali, bao moja limepungua. Mikail hakumcheka mkewe njiani, wala nyumbani, wala siku iliyofuata, na hilo ndilo lililomuuma Sauda zaidi. Angemcheka, wangegombana, yangekwisha.

Jumatano Mwau alikuja dukani na suruali mkononi. Alimsalimia kwa ufupi, macho yakiangalia cherehani.

"Magoti tena?" Sauda aliuliza.

"Magoti tena."

Sauda alifungua daftari nyuma, kule anakoandika nguo za kutiwa viraka. Jina la Mwau lilikuwa hapo mara kumi na moja tangu Januari, na kila mara ni magoti na viwiko. Akamtazama upya, kama vile hajawahi kumwona.

"Wewe unafanyaga nini na haya magoti?"

"Ni mbuzi. Siku ya soko mbuzi akikata kamba, wananiita mimi."

"Na unamshika?"

"Aende wapi?" Mwau alisema, akishangaa swali.

Mwau hajafika barabarani, Sauda alikuwa tayari ameyatoa madaftari yote tena, safari hii akiyasoma kutoka nyuma. Kuna watu walioleta suruali zimetoboka magoti, na kuna walioleta zimetoboka makalio. Kilonzo alikuwa ameleta makalio mara sita. Sauda alicheka peke yake mpaka muuza mboga jirani akachungulia. Kisha akajitanda leso, akamkimbilia Mwau.

"Nilikutoa kwenye timu kwa sababu ya mkono," alimwambia. "Nilikosea. Nisamehe, mwanangu. Golini hutarudi, lakini nina kazi nyingine yako."

Nyumbani alimpa Mikail chai, akakaa karibu.

"Mimi nimewapima tu," alisema. "Wewe ndiye umewaangalia. Huyu Nyamai tutamfanyia nini?"

Mikail alikunywa chai polepole, akifaidi lile swali. "Anafumba macho kwa woga. Lakini nilimsikia akiimba kwenye mazishi kwa kina Ndinda. Akiimba anatoa macho, hivi! Kama ameona nyoka."

"Basi aimbe."

"Aimbe golini?"

"Kuna sheria inakataza?"

Hakukuwa na sheria. Refa wa Kathonzweni aliitafuta kichwani mwake dakika nzima mechi ya marudiano ilipoanza na kipa wa Nuu akaanzisha wimbo wa kuabudu kwa sauti nzito ya besi, macho yamemtoka. Bao la mapema lilimpita, lakini alilitazama likipita, na hayo yalikuwa maendeleo. Baadaye akazuia moja, mbili, tatu. Akina mama wa Kathonzweni waliosimama nyuma ya goli, wengi wao wanakwaya, walijikaza kunyamaza wakashindwa; wakaanza kumwitikia.

Mwau alipewa mtu mmoja tu: Muthengi, straika mrefu aliyewafunga manne kati ya yale sita. Alimfuata kulia na kushoto. Alimfuata hata alipoenda kunywa maji. Wakati wa mapumziko Muthengi alienda nyuma ya kichaka kujisaidia, akageuka, akamkuta Mwau.

Mulinge aliambiwa asikate kona kamwe. Mpira upigwe mbele yake tu. Dakika ya sitini uligonga paja, ukaingia wavuni, naye akaufuata akaingia yeye pia. Moja kwa moja.

Dakika ya mwisho Muthengi alimtoka Mwau. Mwau alijirusha na kumshika mguu wa nyuma, kwa mikono miwili, akamlaza ubavuni vizuri bila kumuumiza. Penalti.

Mikail alifunika uso kwa kofia. Sauda alimshika mkono, jambo ambalo hawakuwa wakilifanya mbele za watu. Nyamai alivuta pumzi, akaimba. Akina mama wakaitikia. Muthengi alipiga chini kushoto, na ule mkono wa inchi ishirini na tisa ukaenda, ukaenda, ukafika.

Moja kwa moja ni sare tu, lakini Nuu walirudi kama waliobeba kombe. Mtu akimpongeza Mikail, alimwonyesha mkewe kwa kidole. "Muulizeni huyo."

Walimuuliza kweli, na habari ya magoti ikaenea. Kufikia Alhamisi dukani kulikuwa na foleni ya vijana tisa, kila mmoja na suruali iliyotoboka magoti. Sauda aliinua ya kwanza kwenye mwanga. Akainua ya pili.

"Hii imekatwa na makasi," alisema. "Na hii imesuguliwa na jiwe. Nyote mnanidanganya!"

Mikail, ambaye sasa alikuwa na kiti chake mle dukani, aliinuka na kuwaangalia mmoja mmoja kwa makini.

"Usiwafukuze, Mama Amin," alisema. "Waandike wote. Tumekuwa tukitafuta mawinga, na kazi ya winga ni kudanganya watu."