Kiti Kilicho Karibu na Soketi

Barua ilisema ubongo wangu umeharibika upande wa kulia. Binti yangu Kasyoka aliisoma akiwa amesimama mlangoni, na kabla hajaikunja alikuwa ameshaficha panga langu.

"Mwaitu, utahamia kwetu Syokimau. Ghorofa ya nne, hakuna wa kukusumbua."

"Na ng'ombe wangu atapanda hizo ngazi?"

"Nimempata mnunuzi. Anakuja Ijumaa."

Niliwaka! Huyo ng'ombe nilimkamua asubuhi hiyo hiyo, na sikukosa hata chuchu moja ya kushoto.

Mambo yalianza na watafiti wa macho waliokodi ukumbi wa kanisa letu hapa Mumbuni. Walitaka kujua macho ya wazee yanarukaje juu ya picha, na ubongo unaona nini. Mimi nilienda kwa hiari, tena na soksi safi. Mkwe wangu Masila, mume wa Kasyoka, alinipeleka kwa gari lake. Sisi Wakamba tuko na nthoni: mama mkwe na mkwe hawaangaliani usoni, hiyo ni heshima. Kwa hivyo nilikaa kiti cha nyuma na leso kichwani mpaka puani, kama mzigo wa mtu.

Msichana wa mashine, Linet, aliniweka kidevu kwenye kibao, kama mbuzi anayekaguliwa meno.

"Susu, nyanya yangu, angalia picha. Usigeuze kichwa, na usiongee, macho yatatikisika."

Masila naye akaketi kando ya kioo cha picha, upande wangu wa kushoto, ameelekea kwangu, mkoba wangu mapajani. Sasa ningefanya nini? Picha zikaja, soko, kuku, watu wa harusi. Mimi nikatazama nusu ya kulia tu. Harusi nzima sikumwona bwana arusi.

Na kwa heshima hiyo nimeitwa mgonjwa! Nilimwambia Kasyoka, "Kesho tunarudi huko, wewe na mume wako. Wakinipima tena wakakuta hivyo hivyo, nitapanda hizo ngazi zako nikiimba."

Kesho yake Masila aliketi tena pale pale, naye Linet alinionyesha picha ya soko ya kipimo cha kwanza. Mahali macho yangu yalipotua palikuwa na nukta nyekundu, kama maharagwe yaliyomwagika, yote kulia. Kushoto, hata moja.

"Pole, susu. Ubongo ukiumia kulia, mtu husahau upande wa kushoto wa dunia."

"Weka pole yako. Kasyoka, mwambie mume wako akae ile pande ingine."

Masila akahamia kulia. Nikaweka kidevu. Picha zikapita. Linet akatazama mashine yake, akaitazama tena.

"Susu... sasa unaona kushoto pekee."

"Kumbe! Ugonjwa umehama bila kukodi hata bodaboda. Kasyoka, mtoe huyo mtu nje."

Masila akatoka. Safari hii nukta zikajaa picha yote, mpaka kwenye mkia wa kuku.

"Wewe ni mtoto wa nani?" nikamuuliza Linet.

"Wa Nzuki, wa Tala."

"Mama ya mama yako humtazama Nzuki usoni?"

Msichana akafunika mdomo. "Hapana, susu. Hugeukia ukutani."

"Ukutani! Naye umeshampa barua?"

Nikamwambia afungue daftari. Nyanya kumi na mmoja walikuwa wameandikiwa ubongo mbovu, wote upande mmoja. Tisa waliletwa na wakwe zao, na kila mkwe aliketi kwenye kiti kile kile, kwa sababu soketi ya kuchajia simu iko hapo! Wanawake tisa wazima, wengine labda wameshahamishwa, ng'ombe wao wameshakwenda, kwa sababu ya chaji.

"Utawapigia simu wote," nikasema, "leo, nikisikia. Na yangu uandike upya."

Aliandika barua mpya. Nikamtaka Kasyoka aisome kwa sauti, mara mbili, ya pili dirisha likiwa wazi ili Masila asikie huko nje. Kisha nikamuuliza panga liko wapi.

Mnunuzi alifika Ijumaa. Alinikuta nikikatia ng'ombe majani, panga mkononi. Aliingia polepole kupitia kwa ua, upande wa kushoto, nami nilimwona tangu alipokuwa barabarani.