Ukingo Uliokatwa

Nilipofungua ripoti asubuhi ile, hasira zilinipanda mpaka utosini. Picha ya boriti niliyoitoa kwenye kompyuta ilikuwa imekatwa ukingo, na ufa uliotabiriwa na hesabu zangu umekwenda nao.

Boriti yenyewe inabeba winchi kwenye karakana anakofanya kazi mdogo wangu. Wiki mbili nzima niliipigia hesabu. Katika modeli yetu, kila nukta ya chuma inavutana na majirani wote walio karibu, si wale inaogusana nao tu. Ukifika ukingoni, nukta inakosa majirani wa upande mmoja, na chuma kinaonekana laini kuliko kilivyo. Ukikishikilia pale ukutani kwa mstari mmoja tu wa nukta, majibu yanakuwa ya uongo. Kwa hiyo niliongeza tabaka zima la nukta za kubuni nje ya ukingo, nikalibana lote lisisogee. Safari hii ukingo ulisema kweli, nao ulisema chuma kitapasuka pale kinapoingia ukutani.

Niliingia ofisini kwa mkuu wangu bila kubisha hodi.

"Nani kakata picha?"

"Mimi," alisema, huku akikoroga chai. "Mama Nukta, mbona umefura hivyo? Ukingo si hudanganya siku zote?"

"Zamani. Huu nimeurekebisha. Nimeliandika hilo kwenye ukurasa wa kwanza."

"Nani anasoma ukurasa wa kwanza? Mimi nimefuata utaratibu." Alielekeza kijiko ukutani. "Na ripoti imeshakwenda karakanani. Wananyanyua mizigo tangu saa mbili."

Nilimpigia mdogo wangu. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, namtukana mkuu kimoyomoyo kwa kila tusi ninalolijua.

"Dada, niko kazini."

"Tokeni chini ya boriti. Wewe na wenzako, sasa hivi."

"Msimamizi atanifukuza."

"Mwambie aliyepiga hesabu ni mimi. Toka."

Nikasikia akiwaita wenzake, kisha vishindo vya viatu. Alirudi kwenye simu akihema.

"Dada, pale ukutani rangi imepasuka. Mstari mwembamba kama uzi."

Mkuu aliacha kukoroga. Nilimgeukia nimpasulie yote yaliyonijaa, ndipo nikaiona karatasi aliyoielekezea kijiko. Ilibandikwa pale mwaka jana, kabla sijajua kuurekebisha ukingo: UKINGO UNADANGANYA. KATA KABLA YA KUTUMA.

Mwandiko ulikuwa wangu.