Fulana ya Kujikinga

Mimi ni msusi, na mdomo wangu haujawahi kuwa na kufuli. Serikali ilipotangaza redioni kwamba kila askari aliye mstari wa mbele amepewa fulana ya kujikinga, nilijigamba mpaka saluni nzima ikanikoma. Kitinda mimba wangu yuko huko. Tangu aondoke usingizi wangu ni wa mang'amung'amu, na siku ile kila niliyemsuka nilimwambia kuwa sasa risasi zitamkoma mwanangu.

Baada ya siku chache mwenzake akaja likizo na kifurushi kutoka kwake. Nikakifungua mbele ya wateja, kwa madaha. Ndani mlikuwa na fulana. Jamani, fulana! Ya pamba, ya mikono mifupi, kifuani imeandikwa TUKO NYUMA YENU. Nyuma kweli, tena mbali. Nikaigeuza na kuipapasa, labda chuma kimeshonewa ndani, wapi. Yule mwenzake akasema ndizo hizohizo zilizotangazwa. Huko wizarani mtu aliagiza fulana, na fulana zikaja. Hakuna aliyeuliza za namna gani. Mwanangu alikuwa ananisalimu, ananipa niilalie mimi kwa kuwa huko haizuii kitu, na ananiomba radhi kwamba imepungua kidogo, maana aliifua.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikalia bila aibu. Kisha mori ukanipanda. Nikaitundika ile fulana mlangoni, na chini yake kipande cha boksi nilichokiandika kwa mkono wangu: FULANA YA KUJIKINGA NA RISASI. USIIFUE, INAPUNGUA.

Wapita njia walicheka mpaka wakashika mbavu. Wengine walisoma, wakaingia kuniuliza mwanangu yuko sehemu gani ya mstari wa mbele, maana na wao walikuwa na watoto wao huko.

Haukupita muda wakaja polisi watatu. Walinikuta namsuka mke wa mkuu wao wa kituo. Upande mmoja mistari imeshalala vizuri, upande wa pili nywele zimesimama wima. Wakasema nakamatwa kwa kuyavunja moyo majeshi wakati wa vita. Silaha niliyokuwa nayo ilikuwa kitana. Na wao, wote watatu, walikuwa wamevaa zile zenyewe za kuzuia risasi: nene, nyeusi, zenye mikanda ubavuni. Nikawauliza wanaogopa nini, nywele bandia?

Wakaichukua fulana mlangoni iwe ushahidi. Mke wa mkuu akainuka na kichwa chake cha nusu kwa nusu, akasema msusi wake haendi popote kabla hajammaliza, na kama anaenda, basi wanaenda wote. Tukapanda gari pamoja.

Mkuu alipomwona mkewe anaingia ofisini, macho yakamtoka pima. Ikabidi anikaripie huku anatazama dari. Akasema vita havitaki maneno, kwamba anayelalamika anamsaidia adui, kwamba fulana zile zimepita mikononi mwa wataalamu na zinatosha kabisa. Nikamwambia sina ugomvi na jeshi. Jeshi ni mwanangu. Ugomvi wangu ni na waliomtuma kwenye risasi akiwa na nguo ya kulalia, halafu hawataki hata mamake aseme. Kama kusema ni kosa, aandike, ila aandike na sababu.

Mkewe ndiye aliyeinyanyua fulana pale mezani.

"Kama inatosha, baba watoto, ivae."

Mkuu akaona ni jambo dogo. Akaipitisha kichwani, ikakwama kifuani, maana siku hizi hata ofisini wanazivaa zile nene. Akavuta, akahema, ikashuka kwa shida. TUKO NYUMA YENU ikatanuka kutoka kwapa hadi kwapa. Polisi wake wakauma midomo, na mmoja akatoka nje kukohoa.

"Vua kwanza hiyo ya ndani," mkewe akasema.

Mkuu akapeleka mkono ubavuni, akashika mkanda, na mkono ukabaki palepale. Adui hakuwepo. Tulikuwa wanawake wawili na polisi wake mwenyewe, na bado hakuvua.

Hasira zangu zote zikaniishia, nikabaki na hofu tu, ileile ya kila usiku. Nikamwambia taratibu:

"Mwanangu hana ya ndani."